Mchanga Niliouandika Kuwa Mtupu

Mchanga wa mama mkubwa ulikuwa na urefu wa hatua thelathini na mbili na upana wa hatua kumi na moja. Ninajua kwa sababu niliupima mimi, kwa miguu yangu, saa nne asubuhi, nikiwa nimevaa kizibao cha rangi ya chungwa nilichopewa na kampuni. Halafu nikaandika kwenye simu ya kazi kwamba pale hakuna mtu. Simu ilinipa maneno matatu ya kuchagua: inatumika, haijulikani, tupu. Nikabonyeza tupu. Hakuna aliyenishika mkono.

Ukifika Nchelenge, huku kwetu Zambia, kwa barabara ya lami na kuteremka kuelekea ziwani, kuna mtaa ambao sisi tunauita Barafuni. Jina linatokana na jengo la zamani la kutengeneza barafu, ambalo lilikufa kabla sijazaliwa. Mashine zilitolewa, zikabaki kuta na mbuzi. Upande mmoja wa jengo wapo mafundi wa mashua. Nilipokuwa mdogo kelele yao ilikuwa ya nyundo na mbao na kulikuwa na harufu ya lami inayochemka. Sasa wawili kati yao wanachomelea mabati, na mchana kutwa unaona cheche. Taa za mafuta za wavuvi zimeondoka, zimekuja taa nyeupe zinazotumia betri za pikipiki, na pamoja nazo vibanda vya kuchaji betri, kimoja mbele ya kila nyumba ya tatu. Malori kutoka Copperbelt, kule kwenye migodi ya shaba, ambayo zamani yalikuja mara moja kwa wiki, sasa yanapanga foleni. Watu wanasema mtaa umeamka. Mimi huuliza umeamka kwa ajili ya nani, lakini mimi huuliza kila kitu, na hiyo ni sehemu ya habari hii.

Upande wa pili wa jengo, hadi kwenye matete, ulikuwa mchanga wa kina mama wa chisense. Chisense ni wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru, wembamba kama njiti, ambao huanikwa wazima juani. Mchanga ule haukuwa na uzio, wala kibanda, wala kigingi. Mgeni angeona ufukwe tu. Lakini kila mama alijua kipande chake kinapoanzia na kinapoishia, kwa sababu alikifagia kila alfajiri kabla mashua hazijarudi, akiondoa majani na makombe, na ufagio wake ulikoma palipoanza ufagio wa mwenzake. Mama akihama, alifagia pamoja na yule anayemwachia kwa siku kadhaa, mbele ya macho ya wote, na hivyo mchanga ulikuwa umekabidhiwa. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

Mama mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu, alipata wake namna hiyo. Mama yangu alitoka Kilwa, ile ya upande wa Kongo, akaja kuuza mafuta ya mawese na kuolewa na mvuvi wa hapa. Ndiyo maana mimi ninaongea Kibemba barabarani na Kiswahili nyumbani. Mama mkubwa alibaki ng'ambo mpaka mwaka ule ambao watu walivuka kwa mashua wakikimbia vita, wakapokelewa kwenye kambi ya Kenani. Alifika na sufuria na Biblia. Baada ya miezi aliteremka ziwani kumtafuta mdogo wake, na hapo mama mmoja Mzambia aliyekuwa anahamia Chienge, mbali zaidi kando ya ziwa, akafagia naye kwa wiki nzima na kumwachia kipande chake. Mama mkubwa alikuwa na shamba dogo la muhogo, lakini kilichomfanya asiwe mgeni hapa ni mchanga ule. Aliwahi kuniambia: "Ku Kenani nilikuwaka namba. Hapa niko jirani."

Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani bila kazi, nilikaa miezi mingi nikiwachosha watu. Nilimuuliza mchungaji alijuaje kwamba ukame ni adhabu. Nilimuuliza baba kwa nini wavuvi wanamwaga unga majini kabla ya msimu ikiwa wote ni watu wa kanisa. Kina mama wa mchangani waliniita *universitaire*, msomi wa chuo kikuu.

"Universitaire wetu anakuya," angesema mmoja. "Fungeni midomo, atauliza juu ya nini tunapumua."

"Weye mutoto," mama mkubwa angenirushia, akigeuza samaki kwa mikono miwili, "hata chumvi utaiuliza juu ya nini iko na chumvi. Kuya ugeuze huku, samaki habangoje maswali yako."

Nilikuwa nikiinama na kugeuza. Ninataka hilo lijulikane: nilikuwa nikijua kazi ile. Nilijua pia kalenda yake, ambayo ni rahisi kuliko ya chuo. Chisense huvuliwa kwa taa. Mashua hutoka gizani, taa huwashwa, samaki huifuata. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, samaki hutawanyika, na wavuvi hukaa nyumbani siku sita au saba wakishona nyavu. Siku hizo mchangani hakuna cha kuanika. Kina mama huvuka lami na kwenda mashambani kulima muhogo na kuchuma sombe, majani yake, na mchanga unalala mtupu, bila hata alama ya mguu. Mwezi ukipungua, kila mmoja hurudi mahali pake. Sijawahi kusikia mtu akichukua mchanga wa mwenzake kwa sababu aliukuta mtupu siku za mwezi. Hilo hata mlevi wa bandarini asingefanya.

Kampuni ilipokuja, ilituita kwenye ukumbi wa shule na kutueleza. Jengo la barafu litafufuliwa. Litawekwa chumba cha kugandishia samaki, na kinu cha kusaga samaki kuwa chakula cha kuku. Uzio utatoka kwenye jengo hadi kwenye matete. Ndani ya uzio zitajengwa chanja za waya, zilizoinuliwa juu ya miguu ya chuma, ili samaki wasiguse mchanga, na kila mama anayefanya kazi pale tayari atapewa chanja yake. Mama mkubwa alipiga makofi. Chanja maana yake kutoinama tena, na mgongo wake ulikuwa umekwisha. Masharti yalikuwa mepesi: uwe kwenye orodha. Asiye kwenye orodha haingii getini.

Orodha ilihitaji watu wa kuhesabu. Walichukua wanne, na mmoja alikuwa mimi. Nyumbani kulikuwa na furaha. Wiki ya kwanza nilihesabu nyumba za juu, karibu na lami, na kina mama wakajua kwamba kazi yangu ni huko. Wiki ya pili tulishuka ufukweni. Ilikuwa wiki ya mwezi mkubwa.

Niliona mara moja. Ninasema hivi kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikuona. Tulisimama penye matete, mimi na mhandisi aliyetusimamia, kijana mpole kutoka Lusaka, na mchanga ulikuwa umenyooka mbele yetu kama shuka. Tulizungumza Kiingereza.

"Hapa panafanyika nini?" aliuliza.

"Hapa huanikwa samaki."

"Na nani?"

"Na kina mama mbalimbali."

"Wako wapi?"

"Leo hawapo."

"Wana kitu chochote hapa? Meza, turubai, kibanda?"

"Hapana."

"Sasa wewe unaona nini?"

Lile lilikuwa swali langu. Ndilo swali nililomuuliza mchungaji, na baba, na kila aliyeniambia jambo kwa sababu tu wazee walisema. Unaona nini? Ushahidi uko wapi? Kusikia mtu mwingine akiliuliza, mtu aliyesoma, akinitazama kama mwenzake, kulinipa raha ambayo mpaka leo naionea haya. Nilitaka kuwa mkali kama yeye. Nilijiambia pia kwamba nikimwandika mama mkubwa nitakuwa nimempendelea ndugu yangu, na mambo ya kupendelea ndugu ndiyo niliyokuwa nayakemea kila siku. Kwa hiyo nikasema, "Naona mchanga."

Akacheka. "Basi andika unachokiona."

Nilipima vipande saba vilivyo upande wa matete. Nilijua kila kimoja ni cha nani. Nilibonyeza tupu mara saba. Vile vya karibu na jengo vilikuwa na meza za mbao ambazo wenyewe walizipigilia msimu uliopita, basi hivyo nikaviandika vizuri, pamoja na majina. Mhandisi alinisifu kwa kasi yangu. Ningeweza kusema neno moja, mwezi, na angeelewa. Hakuwa mtu mbaya. Nilikuwa nimehoji mbingu na nchi, na simu ile ya kazi sikuihoji hata kidogo.

Mwezi ulipungua, mashua zikatoka, kina mama wakarudi. Siku chache baadaye, watu wa kampuni wakiwa tayari wanasimamisha uzio na chanja, orodha ilibandikwa kwenye mlango wa jengo la barafu, kwa Kiingereza. Nilikuwa napita. Ningepita njia nyingine kama ningekuwa na akili.

"Universitaire! Kuya utusomee!"

Nikasoma. Kila aliyesikia jina lake alipiga kelele, wengine wakamsukuma, mmoja akacheza mpaka kitambaa kikadondoka. Nikafika mwisho.

"Na weye?" mmoja alimwuliza mama mkubwa. "Hukusikia yako?"

"Soma tena, mutoto yangu," alisema mama mkubwa. "Masikio yangu ni ya zamani."

Nikasoma tena, polepole, yote, kama vile jina lake lingeweza kujitokeza katikati. Jua lilikuwa kali kwenye karatasi. Nilipomaliza, kina mama saba walikuwa bado wanaitazama karatasi, na waliobaki hawakujua watazame wapi.

"Labda kuna liste ingine," alisema mama mkubwa.

"Labda," nikasema.

Kudanganya kulikuwa rahisi hivyo.

Siku iliyofuata aliniita kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anamenya muhogo, na amenitayarishia daftari na kalamu juu ya kiti cha plastiki. Alitaka niiandikie kampuni barua kwa Kiingereza.

"Anza na salamu," alisema. "Batu ba bureau banapendaka salamu. Andika: tuko bamama saba, tunafanya kazi pale miaka, batu bote banatujua."

Nikaandika.

"Andika: mutu mwenye mulituma kutupima, hatumujue. Alikuya siku za mwezi. Mu siku za mwezi hakuna mutu ku muchanga, njo vile iko. Kama alizaliwa mbali, tunamusamehe, hakujua." Aliacha kumenya. "Kama alizaliwa hapa..." Kisu kilikaa hewani. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, toa ile. Mutu wa hapa hawezi."

Nikakata mstari ule. Nilikata mara mbili, mpaka karatasi ikatoboka, naye akacheka na kuniuliza kama ndivyo wanavyofundisha kuandika chuoni. Alinipa muhogo mbichi nitafune nikiwa naandika. Niliutafuna.

Barua niliipeleka mimi. Ofisi ya kampuni ilikuwa kontena lenye feni, nyuma ya jengo. Mhandisi aliisoma hadi mwisho, akafungua kompyuta, akatazama ramani, akanitazama mimi.

"Hii sehemu ilikuwa yako," alisema.

"Ndiyo."

"Na hili la mwezi ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulilijua?"

Feni ilikuwa inazunguka na kurudi. Niliitazama, na nadhani alielewa. Alisema, bila hasira, kwamba orodha inaweza kurekebishwa, ila aliyehesabu lazima aandike maelezo kwamba alihesabu vibaya, aseme kwa nini, na aweke sahihi. Alisema pia kwamba baada ya maelezo kama hayo hataweza kunichukua kwa kazi ya awamu ya pili, iliyokuwa ikianza mwezi uliofuata. Ilikuwa Ijumaa. Nilimwambia nitafikiri.

Nilifikiri Jumamosi nikifua nguo. Nilifikiri Jumapili kanisani, ambapo mama mkubwa aliimba nyuma yangu kwa sauti yake nene. Nilijadiliana na nafsi yangu kama tulivyokuwa tukijadiliana chuoni, hoja hii na hoja ile: je, kosa ni la mtu au la utaratibu? Je, mtu mmoja akikataa, si angechukuliwa mwingine ambaye angeandika vilevile? Zilikuwa hoja nzuri. Ningeweza kupata alama za juu kwa hoja zile. Nilijua wakati huohuo kwamba nataka kazi, na kwamba kama mama mkubwa asingejua kamwe, ningeweza kuishi nalo.

Jumatatu nilirudi kwenye kontena nikaandika. Mara ya kwanza niliandika kwamba "sikuwa na ufahamu wa kutosha wa desturi za mahali". Nikaichana karatasi. Mara ya pili niliandika: nilijua kuwa ni siku za mwezi, na nilijua wenye mchanga ni nani. Nikaweka sahihi.

Mhandisi alisoma, akapumua. "Ungeandika Ijumaa," alisema. "Chanja ziligawiwa Jumamosi. Zile saba za mwisho zimechukuliwa na kina mama kutoka Chienge. Walikuwa na barua ya utambulisho kutoka huko kwao, na zilikuwa hazina mtu."

"Zilikuwa hazina mtu," nilirudia.

"Nitawaweka wenu kwenye zile za awamu ya pili."

"Lini?"

Aliangalia kompyuta kana kwamba jibu liko ndani yake. "Zitakapojengwa."

Kufikia hapo uzio ulikuwa tayari umefungwa. Nilimkuta mama mkubwa nyuma ya mafundi wa mashua, kwenye mawe, ametandaza turubai lisilozidi mkeka wa kulalia watu wawili. Samaki aliokuwa nao walikuwa ndoo moja. Wavuvi walikuwa wameanza kupeleka mizigo yao getini. Cheche za mabati zilikuwa zinaruka karibu, naye alikuwa ameketi katikati, amewaficha samaki kwa mgongo wake.

Nilichuchumaa. "Mama mukubwa," nilisema, "mutu mwenye alipima muchanga ni mimi."

Aliendelea kugeuza samaki. Nilidhani hakusikia kwa sababu ya mashine ya kuchomelea, nikafungua mdomo kurudia, akainua kiganja.

"Nilisikia." Aligeuza mstari mzima. Kisha akauliza: "Ulisahau mwezi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amenifungulia mlango, tena akaushika usijifunge.

"Hapana. Sikusahau."

"Bon," alisema. Fundi mmoja alitupa kipande cha bati, kikalia kwenye mawe. Nilimweleza habari za maelezo niliyoyaandika, za Ijumaa na Jumatatu, za chanja za Chienge. Nilieleza mengi, kwa mpangilio, kama mtu aliye mbele ya walimu. Nilisema kwamba kazi nimeipoteza. Sijui kwa nini nilitaja hilo. Labda nilitaka lihesabiwe upande wangu.

"Ulipima wangapi vile?"

"Saba. Na wewe ndani."

"Basi kuko sita bengine habajue." Alianza kukusanya samaki, ingawa hawakuwa wamekauka, akifunga pembe za turubai. "Simama, madame. Tunaenda."

Hakuwahi kuniita madame. Hilo ni neno la watu wa ofisini.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba mchana ule, kwenye jua, yeye mbele na turubai kichwani, mimi nyuma. Kwenye kila mlango alisimama kando, akaniachia mimi nipige hodi. Niliwaambia wote maneno yaleyale: ni mimi niliyepima, nilijua ni siku za mwezi, nikaandika hakuna mtu. Mama wa kwanza alilia. Wa pili aliniuliza kwa Kibemba kama baba yangu anajua, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa akiniita universitaire kwa sauti kubwa kuliko wote, hakunitania. Alisema tu, "Ah," akarudi kwenye sufuria yake. Mmoja alinirushia maji ya kuoshea vyombo, yakaishia miguuni. Mama mkubwa hakunitetea wala kuwachochea. Alisubiri nimalize, akanyanyua turubai, tukaendelea.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mnene mwenye ulimi mkali, aliyevuka ziwa mwaka uleule alipovuka mama mkubwa. Walilala hema moja Kenani. Alinisikiliza akiwa ameshika kiuno. Nilipomaliza hakunitazama mimi. Alimtazama mama mkubwa.

"Na weye, dada," alisema, "huyu si mutoto yako? Unatembea naye mutaa muzima, unasema nini juu yake?"

Mama mkubwa alishusha turubai chini, akajifuta shingo kwa ncha ya kitenge. Nilimngojea. Sijawahi kungojea jibu la swali langu lolote kama nilivyongojea jibu la swali lile la mtu mwingine.

"Sina kintu ya kusema," alijibu. "Nimekuya tu kumusindikiza."

Kisha akaomba maji ya kunywa. Mwenyeji alileta kikombe kimoja. Mama mkubwa akanywa nusu, akasita, akanipa kilichobaki bila kunitazama.